Kupasua Gogo kwa Msumeno wa Mnyororo

Mtu asafiriye kutoka Lamadi kwenda Bariadi huona nchi pana ya tambarare, yenye mashamba ya pamba, mtama na mahindi, na makundi ya ng'ombe yakichunga kila upande. Lakini miti minene, ifaayo kupasuliwa mbao, haioni ila mmoja mmoja. Zamani haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya Usukuma ilikuwa pori la migunga na vichaka, na ndani ya pori hilo alikaa mbung'o, yule inzi aletaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu walitoka kwa maelfu na mashoka yao kufyeka pori ili mbung'o akose pa kukaa. Utafiti wa mbung'o ulikuwa na makao yake Shinyanga, na mkuu wake alikuwa Bwana Swynnerton. Mbung'o akaondoka, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikalimwa, na miti iliyosalia ikaendelea kuliwa na kuni na mkaa.

Hata mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI. Wakati ule Bariadi ilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga, maana mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Watu walihimizwa kuirudia desturi ya wazee iitwayo ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, isiingizwe ng'ombe mpaka kiangazi kikali. Ndani ya ngitili visiki vya kale vilichipua, na miti ikarudi. Lakini mingi ya miti hiyo ni myembamba bado. Yafaa kwa fito na nguzo, wala haijafika umri wa mbao.

Basi mbao zetu twazinunua mbali. Mbao za misindano hutoka katika mashamba ya miti kama Sao Hill, kule Mufindi, au Buhindi karibu na Ziwa. Mninga hutoka katika misitu ya Tabora na kwingineko. Jambo hili si geni duniani. Mfalme Sulemani alipotaka kujenga hekalu hakuwa na mbao za kutosha nchini mwake, akaagiza mierezi ya Lebanoni kwa Hiramu mfalme wa Tiro, ikafungwa pamoja na kupitishwa baharini. Nchi isiyo na mbao hulipa, kwa fedha au kwa ngano.

Kwa sababu hiyo mti mkubwa unapoanguka katika ua wa shule, wa kanisa au wa nyumba, mathalani mjohoro, mwarobaini, mgrevilea au mwembe uliozeeka, watu wasiutazame kama takataka. Mara nyingi mwenye mti humwita mchoma mkaa, na baada ya juma mbili ule mti umekuwa magunia machache. Mimi naona ni hasara kubwa, hasa mahali ambapo watoto wengine hukaa chini kwa kukosa benchi. Tutazame basi jinsi gogo la namna hii liwezavyo kupasuliwa papo hapo lilipoanguka.

Wazee walipasua kwa msumeno wa shimo. Walichimba shimo refu, wakalaza gogo juu yake kwa magogo ya kukingama. Mtu mmoja alisimama juu ya gogo, na mwenzake akasimama shimoni. Msumeno ulikuwa mrefu kupita kimo cha mtu, nao una mshikio huku na huku. Yule wa juu aliuongoza ufuate mstari. Yule wa chini aliuvuta, maana meno yalikata wakati wa kushuka, na unga wote ukamwangukia usoni. Kazi hiyo ni ya polepole mno, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo tutaikumbuka mbele: njia ya msumeno ule ilikuwa nyembamba, na waliojua kazi walitoa mbao zilizonyoka.

Msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wa siku hizi huuita chenso, ni mashine ya petroli yenye chuma kirefu kilicho bapa kama ulimi. Mnyororo wenye meno huzunguka ukingoni mwa ulimi huo. Mjerumani mmoja, Andreas Stihl, alitengeneza msumeno wa namna hii wa kutumia umeme mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929. Ilikuwa mizito, ikashikwa na watu wawili. Tena meno yake yalifanana na meno ya msumeno wa mkono, yakawa butu upesi, na mwenye kuyanoa alipata taabu nyingi.

Aliyeondoa taabu hiyo alifundishwa na mdudu. Mwaka 1946, huko Oregon katika Marekani, mkata miti mmoja jina lake Joseph Buford Cox alikuwa akipasua kuni, akaona katika kisiki funza mnene wa mbawakawa, mkubwa kama kidole cha shahada. Funza yule alikuwa akila mti mgumu, mzima, usiooza, naye alikwenda apendako, kwa kukata nyuzinyuzi za mti au kwa kuzifuata, pasipo shida. Cox alimtazama kwa makini, akaona ya kuwa hakukwaruza mti kama msumeno ukwaruzavyo. Alikuwa na taya mbili zilizopinda, moja kushoto na moja kuume, na kila moja ilichota kwa zamu yake. Akaenda nyumbani akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda vivyo hivyo, moja la kushoto na moja la kulia, na mwaka 1947 akaanza kuiuza minyororo hiyo. Minyororo mingi ya leo ina asili yake katika mnyororo ule. Ukipata mnyororo uliochakaa, uchunguze: utaona meno ya kushoto na ya kulia yakipokezana, na mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo kipimacho kiasi cha mti ambacho jino litauma. Kinundu kikikatwa sana kwa tupa, jino huuma kupita kiasi na mashine hurukaruka mikononi.

Sasa lazima mfahamu jambo ambalo watu wengi wenye chenso hawalijui. Mnyororo wa kawaida umefanywa kwa kukata mti kwa kuukingama, yaani kuangusha mti na kukata magogo. Kupasua gogo kwa urefu wake ni kazi nyingine. Chukua mzigo wa mabua ya mtama uliofungwa vizuri. Ukiukata kwa panga kwa ubavu, bua hukatika baada ya bua. Lakini ukiyasimamisha mabua, ukataka kula kutoka vichwani kwenda chini, wembe wako utakutana na ncha za mabua yote kwa wakati mmoja. Ndivyo ilivyo gogo linapopasuliwa kwa mashine hii: meno hukutana na ncha za nyuzinyuzi, tena kwa upana wote wa gogo. Kwa hiyo mashine ndogo ya kukatia matawi haifai. Itachemka na kufa. Hutakiwa mashine kubwa yenye ulimi mrefu kupita upana wa gogo, na meno yanolewe kwa namna yake. Jino la kukatia kwa kukingama hunolewa kwa mshazari wa digrii 30 hivi. Jino la kupasulia hunolewa kwa digrii 10 tu, karibu na kunyoka kabisa. Jino la namna hii huenda polepole kidogo, lakini huacha uso laini na halivuti ulimi upande.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo ilipo siri ya kazi yote. Kila msumeno hula mti unapopita, na kile ulichokula hugeuka unga. Msumeno wa utepe, ulio katika viwanda, hula milimeta 3 hivi. Mnyororo wa chenso hula milimeta 9 hivi. Tuseme tunalo gogo la mjohoro lenye urefu wa meta 2.4 na kipenyo cha sentimeta 40. Tukiyaondoa mabanzi ya pande nne, yaani yale magamba ya nje yenye gome, twapata boriti ya mraba yenye upana wa sentimeta 28, yaani milimeta 280. Tukiipasua kwa chenso iwe mbao nyembamba za milimeta 25, tutapata mbao 8. Zidisheni: mbao 8 ni milimeta 200, katikati yake msumeno umepita mara 7, na mara 7 kwa milimeta 9 ni 63. Jumla ni 263, nasi tumebakiwa na milimeta 17 zisizo na kazi. Milimeta 63 zilizogeuka unga zingetosha mbao mbili na nusu. Kwa msumeno wa utepe boriti ile ile ingetoa mbao 10.

Lakini tukiipasua kwa chenso iwe mbao nene za milimeta 50, twapata mbao 4, na moja ya tano yenye unene wa milimeta 44. Msumeno umepita mara 4 tu, nao umekula milimeta 36. Tena kuna faida ya pili. Uso utokao katika chenso haukosi mawimbi, hata kwa fundi mzuri. Randa ikiondoa milimeta 3 kila uso, ubao wa 25 hubaki 19, umepoteza karibu robo yake. Ubao wa 50 hubaki 44, nao ni imara bado kwa benchi la kukaliwa na watoto watano. Kwa hiyo chenso ni chombo cha mbao nene: za mabenchi, meza, vizingiti na ngazi. Mwenye kutaka mbao nyembamba za dari au za sanduku, na apeleke gogo lake kiwandani, au atafute msumeno wenye njia nyembamba. Katika Ghana, ambako misitu iliharibiwa sana kwa njia hii, Serikali ilikataza mwaka 1998 kuuza mbao zilizopasuliwa kwa chenso. Katika Kenya, ambako mbao nyingi hutoka katika mashamba ya watu, watafiti wa misitu walichukua njia nyingine. Waliwafundisha wapasuaji kufunga mashine katika fremu badala ya kuiongoza kwa mkono mtupu. Kwetu Bariadi, ambako gogo hupatikana moja baada ya miezi, naiona njia ya Kenya kuwa ndiyo itufaayo.

Kabla ya mashine kuwashwa pana shughuli mbili. Ya kwanza ni ruhusa. Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002 inakataza kuvuna katika misitu ya hifadhi bila leseni, tena iko miti iliyohifadhiwa kwa jina lake. Basi mwenye mti na aiulize serikali ya kijiji na afisa wa misitu kabla ya kukata. Na mbao zikipelekwa mahali pengine, zichukuliwe na hati ya kusafirishia. Ya pili ni kulichunguza gogo. Mti wa ua wa shule umepigiwa misumari ya matangazo, umefungwa waya za kuanikia nguo, pengine umetundikiwa kengele kwa miaka ishirini, na mti hula chuma hicho hata kisionekane. Tazameni mwisho wa gogo lilipokatwa: mkiona doa jeusi lenye ubuluu, huenda chuma kimo ndani, maana kutu na utomvu wa mti hufanya rangi hiyo. Jino la mnyororo likikutana na msumari, kazi ya asubuhi nzima imekwisha.

Gogo huinuliwa mpaka kimo cha goti juu ya magogo mawili madogo, likafungwa kwa kabari huku na huku lisibingirike. Likiinama kidogo upande mmoja ni vema zaidi, kwa kuwa uzito wa mashine yenyewe utasaidia kuisukuma. Halafu fundi hupata mstari wa kwanza, na hapo ndipo penye ufundi, maana fremu hufuata kile kilicho juu yake: kikiwa kimepinda, kila ubao utapinda. Gogo lina mviringo na mabonde, haliwezi kuwa njia. Kwa hiyo ubao mmoja mnyofu kabisa, au ngazi ya mbao iliyonyoka, huwekwa juu ya gogo kwa urefu wote, ukapimwa kwa pima maji, ukakazwa kwa skrubu. Fremu hutelezeshwa juu ya ubao huo, na ulimi wa msumeno hupita chini yake kwa kina kile kile tangu mwanzo hata mwisho. Kina hicho kipimwe vizuri ili mnyororo upite chini ya ncha za skrubu. Banzi la kwanza likiisha kutoka, gogo limepata uso wa bapa. Toka hapo ubao wa mwongozo hauna kazi tena, fremu hutembea juu ya uso wa gogo lenyewe.

Mashine ikiisha kuingia meta moja hivi, msaidizi hutia kabari ndogo za mti katika ufa nyuma ya msumeno, ili ubao wa juu usilale na kuubana ulimi. Kabari za chuma zisitumiwe, kwa sababu mnaijua. Fundi hasukumi kwa nguvu. Unga ukitoka kama punje ndogo, meno ni makali; ukitoka kama unga wa mhogo na moshi ukaanza, na asimame anoe. Petroli ya mashine hizi huchanganywa na oili, kwa kawaida mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, na mnyororo una oili yake mbali. Kila ubao ukitoka, mashine huachwa izunguke taratibu kidogo ipoe, ndipo izimwe na kutiwa mafuta. Kutia petroli katika mashine yenye moto na iungurumayo ni kujitafutia kifo.

Kwa habari ya hatari sina budi kusema wazi. Mnyororo ukienda kwa nguvu zote hupita meta 20 hivi kwa sekunde moja. Mkono wa mtu hauwezi kurudi upesi hivyo. Ncha ya ulimi, hasa sehemu yake ya juu, ikigusa kitu, mashine hurushwa nyuma kuelekea uso wa fundi. Wengi wa wapasuaji niwaonao hufanya kazi kwa ndala na kaptula, wakidhani ni ushujaa. Fundi apaswa kuvaa kofia ngumu, kinga ya macho na ya masikio, viatu vigumu na suruali nzito ya kazi hiyo. Na unga wa mjohoro huwasha macho na pua, basi afunge kitambaa. Ninyi wanafunzi mkae mbali, si chini ya hatua ishirini, upande wa ubavu wa gogo, wala asiingie mtu kuchota unga kabla mashine haijazimwa. Mtoto asimshike fundi bega kumwita. Fundi hasikii kitu, na akigeuka, msumeno hugeuka pamoja naye.

Mbao zikiisha kutoka, wengi hudhani kazi imekwisha, wakazisimamisha ukutani juani. Baada ya siku tatu zimepasuka ncha na kujikunja kama jani la tumbaku. Ubao mbichi wa urefu tuliotaja una kilo 30 au zaidi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Maji yakitoka, mti husinyaa, nao hausinyai sawasawa: kwa kuifuata mizunguko ya umri wake husinyaa kama mara mbili kuliko kwa kuelekea moyoni. Kwa hiyo ubao uliobeba moyo wa mti katikati yake hauna budi kupasuka. Fundi mwenye akili huupasua ubao huo mara mbili palepale, autoe moyo, apate mbao mbili nyembamba kwa upana lakini zima.

Ncha za mbao zipakwe rangi kuukuu au nta siku ile ile, maana maji hutoka nchani upesi kuliko ubavuni, na katika kiangazi chetu, kutoka Juni hata Oktoba, upepo hukausha ncha kwa siku moja. Kisha zilazwe kivulini chini ya paa, mahali pa upepo, juu ya matofali yenye kimo cha sentimeta 40, kwa ajili ya mchwa. Kati ya ubao na ubao zitiwe fito kavu zenye unene mmoja, kila nusu meta, na fito za juu zisimame sawasawa juu ya fito za chini. Zikipishana, ubao utafuata upindo huo na kukauka nao. Juu kabisa pawekwe mawe mazito. Mchwa wa Bariadi hawasubiri, basi matofali yatazamwe kila juma, na njia yao ya udongo ikionekana ivunjwe.

Mbao za milimeta 50 huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kabla ya kukauka. Andikeni tarehe kwa makaa kwenye ncha ya ubao wa juu. Chagueni kipande kimoja chembamba cha mti ule ule, kiwekwe katikati ya fito pamoja na mbao, na kila mwezi kipimwe katika mizani ya duka au ya pamba, uzito wake ukaandikwa katika daftari ya darasa. Mwanzoni uzito utashuka sana, kisha kidogo, kisha kidogo zaidi. Kwa kuwa mbao nene hukauka baada ya kipande chembamba, uzito wake ukisimama msiharakishe. Chukueni ubao mmoja mzima, mwupime vivyo hivyo, miezi miwili mfululizo. Nao ukisimama pale pale, mwiteni seremala.